Namba Iliyolala

Kama hapo ulipo kuna mtu anayefuga samaki, mwite asogee karibu na redio, maana naanza na jambo analolijua kuliko mimi. Mfugaji wa sato akifika bwawani alfajiri akakuta samaki wake wamepanda wote juu, midomo imetokeza, wanaifungua na kuifumba kama watu waliotoka mbio, hajiulizi kama wana njaa. Anajua pumzi imewaishia. Maji ni yale yale ya jana, samaki ni wale wale, chakula ni kile kile, au pengine kilizidi, na kilichobaki kimeoza chini usiku kucha. Kilichopungua hakina rangi wala harufu. Ni oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji.

Leo nataka tuzungumze habari za mifugo wengine wanaokosa pumzi vivyo hivyo, ila wao hawana midomo ya kutokeza juu ya maji ili tuwaone. Hao ni bakteria wanaosafisha majitaka yetu.

Nimefanya kazi na majitaka sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali ninaloulizwa kuliko yote, hata msibani, hata harusini, ni hili: mnaweka dawa gani? Watu wanaamini kwamba maji yanayotoka chooni, jikoni na kiwandani yakifika mtamboni hutiwa dawa kali, yakawa safi. Dawa ya klorini huwekwa mwishoni katika baadhi ya mitambo, kuua vijidudu vya maradhi, lakini kazi yenyewe ya kusafisha imeshafanyika kabla ya hapo. Imefanywa na viumbe hai. Bakteria wanaula ule uchafu. Wanaula, wanapumua, wanazaana, wanashikamana wakawa vibonge vidogo vya rangi ya kahawia, vibonge vinazama, na juu yake yanabaki maji. Sisi tunaojiita wataalamu ni wachungaji tu. Na mchungaji wa mifugo hii ana swali moja la kujiuliza kila saa: wanapumua?

Tuanze na ugumu wa kupumua majini. Lita moja ya hewa hapa Pwani ina oksijeni karibu miligramu 270. Lita moja ya maji safi kabisa, yenye joto la nyuzi 30, haiwezi kubeba oksijeni zaidi ya miligramu 7 na nusu hivi. Yaani wewe na mimi tunavuta kutoka ghala kubwa, na kiumbe wa majini anavuta kutoka ghala dogo zaidi ya mara thelathini. Na maji yakizidi kupata joto, ghala hilo linazidi kusinyaa. Kule Ulaya, maji ya nyuzi 10 yanaweza kubeba miligramu zaidi ya 11. Mtu wa Nairobi atasema kwao ni baridi, kwa hiyo wana nafuu. Hawana. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, kiasi cha asilimia 82 ya uzito wa hewa ya Mombasa au Dar es Salaam. Kile ambacho baridi ingewaongezea, mwinuko umekichukua. Ukipiga hesabu, maji ya Nairobi yenye nyuzi 20 yanabeba oksijeni karibu sawa na maji ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30. Kila ninapoirudia hesabu hii nashangaa upya, maana inamwambia mhandisi wa bara na wa pwani kwamba hakuna mwenye ghala kubwa katika sehemu yetu hii ya dunia.

Sasa weka majitaka mbele ya ghala hilo. Majitaka ya majumbani, kwa kawaida, lita moja yake inadai oksijeni miligramu 200 hadi 400 ili uchafu wake uliwe na bakteria. Chukua 300. Gawanya kwa 7 na nusu. Lita moja ya majitaka ina uwezo wa kumaliza pumzi yote ya lita 40 za maji safi. Kwa hiyo mtu akimwaga ndoo moja mtoni, ndoo arobaini za mto zimeingia katika deni. Samaki wa mtoni hauawi na uchafu wenyewe mara nyingi. Anauawa na bakteria waliofurahia uchafu huo wakavuta oksijeni yote, akabaki hana.

Na hapo ndipo lilipo wazo zima la mtambo wa kusafisha: ile karamu ya bakteria, badala ya kuiacha ifanyike mtoni, tuifanyie ndani ya tangi, na pumzi tuwapelekee sisi.

Waliolifikisha wazo hili mahali pake ni wakemia wawili wa Manchester, Uingereza, Edward Ardern na William Lockett. Manchester ilikuwa mji wa viwanda vya nguo, mito yake imekufa, na serikali ya Uingereza ilikuwa imeunda tume tangu 1898 kuchunguza nini kifanyike juu ya majitaka. Mwalimu wao, Gilbert Fowler, alikwenda Marekani mwaka 1912 akatembelea kituo cha majaribio kilichoko Lawrence, Massachusetts, akaona wenzake wanapuliza hewa ndani ya chupa za majitaka. Akarudi na habari hiyo. Ardern na Lockett wakajaza majitaka kwenye chupa, wakazifunika kwa karatasi ya kaki ili mwanga usiingie na mwani usiote, wakapuliza hewa. Chupa ya kwanza ilichukua karibu wiki tano hadi amonia yote ikageuka naitreti.

Wiki tano! Hakuna mji unaoweza kuyahifadhi majitaka yake wiki tano. Mtu mwingine angekata tamaa. Wao walifanya jambo dogo: walimwaga yale maji masafi ya juu, wakabakisha lile tope lililotuama chini ya chupa, wakatia majitaka mapya juu yake, wakapuliza tena. Safari hii ilikuwa haraka zaidi. Wakarudia, tope likaongezeka, muda ukapungua. Wakarudia tena na tena, mpaka kazi ya wiki tano ikawa kazi ya saa, chini ya siku moja. Lile tope ambalo kila mtu alikuwa analitafutia pa kulitupa ndilo lililokuwa na wafanyakazi ndani yake. Tarehe 3 Aprili 1914 walisimama mbele ya wenzao pale Manchester wakasoma matokeo yao. Mama zetu wanalijua jambo hili kwa jina jingine: ni chachu. Unabakiza kidogo ya togwa la jana ili la leo liwahi.

Basi mitambo mingi mikubwa ya dunia hadi leo ni chupa ile ya Manchester iliyokuzwa. Tangi refu lenye kina cha mita nne, tano, sita. Chini yake vimepangwa visahani vya mpira vyenye matundu madogo kama yaliyotobolewa kwa sindano. Pembeni kuna chumba chenye kelele ambamo mashine zinapuliza hewa usiku na mchana. Mafundi wanaziita blowa. Na chumba hicho ndicho kinachokula umeme. Katika mtambo wa aina hii, nusu ya bili nzima, na mara nyingi zaidi ya nusu, ni gharama ya kupuliza hewa tu.

Nikisema tupeleke pumzi, mtu atajibu, basi pulizeni kwa wingi, tatizo liko wapi? Tatizo lipo, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo watu wengi wenye vyeo na mikataba wanapokosea.

Kwanza jua kwamba oksijeni huingia majini kwa kufuata pengo. Maji yakiwa na njaa ya oksijeni, kiputo cha hewa kinachopanda kutoka chini kinatoa mzigo wake kwa urahisi. Maji yakikaribia kushiba, kiputo kile kile kinapanda na mzigo wake mpaka juu kinapasuka na kurudi angani. Tuseme maji yetu yanashiba kwenye 7.6. Ukiendesha tangi likiwa na oksijeni ya miligramu 2 kwa lita, pengo ni 5.6. Ukiliendesha kwenye 6, pengo ni 1.6. Bakteria ni wale wale, wanakula kile kile, lakini ili kubaki kwenye 6 unahitaji hewa mara tatu na nusu ya ile uliyohitaji kubaki kwenye 2. Umelipia umeme mara tatu na nusu kwa kazi ileile, na bakteria hawakuongeza hata tonge moja.

Kisha kuna jambo la naitrojeni. Ndani ya mtambo kuna bakteria wa kazi mbili zinazopingana. Wapo wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Hawa ni walaji wakubwa wa oksijeni: kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia inawagharimu gramu 4 na nusu hivi za oksijeni. Tena wanazaliana polepole sana. Ukiwaua au ukiwanyima pumzi siku kadhaa, utasubiri wiki na wiki mpaka ukoo wao urudi, na wakati huo amonia inapita kwenda mtoni, nayo ni sumu kwa samaki. Na wapo wengine ambao, wakikosa oksijeni ya bure, huivunja ile naitreti wapate oksijeni iliyomo ndani yake, na naitrojeni ikarudi angani bila madhara. Wa kwanza wanataka pumzi. Wa pili wanafanya kazi pale tu pumzi inapokosekana. Ukipuliza kupita kiasi, maji yenye oksijeni nyingi yanamwagika hadi kwenye sehemu ya wale wa pili, nao wanakula ya bure, naitreti inaachwa, inakwenda ziwani. Watu wa Kisumu, Mwanza na Kampala hawahitaji kuambiwa na mimi mbolea ya aina hiyo inalisha nini ziwani. Gugumaji na mwani wa kijani wanauona kwa macho yao.

Na ukipuliza kidogo mno? Hapo wanastawi bakteria wa umbo la nyuzi. Wao wana uwezo wa kuishi kwa pumzi ndogo, wanatoa nyuzi ndefu nje ya vibonge, na vibonge vinashindwa kushikana na kuzama. Tope linaumuka kama unga wa maandazi uliosahauliwa juani. Unasimama kwenye tangi la kutuamisha unaona blanketi la kahawia linapanda, linapanda, hadi linavuka ukingo na kutoka pamoja na maji uliyosema umeyasafisha. Niliwahi kusimama mahali hapo usiku mmoja nikiwa na tochi mkononi, sina la kufanya. Ni uchungu unaofanana na wa mkulima anayetazama mafuriko yakipita na mahindi yake.

Basi namba ambayo mitambo mingi hulenga ni miligramu 2 kwa lita, au karibu na hapo. Ni namba ndogo. Iko karibu na sifuri kuliko inavyokaribia kushiba. Bakteria wa tangi lililojaa wanaweza kuvuta miligramu 40 kwa lita kila saa. Akiba ya 2, kwa uvutaji huo, inakwisha kwa dakika tatu. Umeme ukikatika, kabla fundi hajavaa viatu akaenda kuwasha jenereta, tangi limeshaishiwa. Hawafi papo hapo. Wengine watajishikiza kwa naitreti, wengine watasubiri. Lakini kazi imesimama.

Na mahitaji yenyewe hayatulii. Mji huamka, watu wanaoga, wanafua, wanapika, na baada ya saa chache wimbi la majitaka linafika mtamboni. Usiku wa manane linapungua sana. Kiwanda kina mawimbi yake mengine, makali zaidi. Kwa hiyo hewa inayotosha saa nne asubuhi ni nyingi mno saa nane usiku, na inayotosha saa nane usiku ni kama kumziba mtu pua saa nne asubuhi. Ndiyo maana mtambo wa aina hii hauwezi kuendeshwa kwa kubonyeza kitufe na kwenda zako. Inatakiwa fimbo inayoning'inia majini, inayopima oksijeni kila wakati na kuiambia blowa ongeza, punguza. Kwa Kiswahili cha vitabuni fimbo hiyo inaitwa kihisi. Mafundi tunaiita sensa.

Nina mapenzi na kifaa hicho, naomba uniruhusu nikieleze. Zamani kupima oksijeni majini ilikuwa kazi ya maabara. Mkemia wa Budapest, Lajos Winkler, alituachia njia yake mwaka 1888: unatia dawa ndani ya chupa ya maji, oksijeni inanaswa, mwisho maji yanakuwa na rangi ya aidini, unaongeza wanga yanakuwa buluu, kisha unadondoshea dawa nyingine tone kwa tone mpaka buluu itoweke ghafla. Unahesabu matone. Nilijifunza njia hiyo nikiwa kijana, na ninaiamini hadi leo. Lakini huwezi kuifanya kila dakika. Kilichobadilisha mambo kilitoka hospitali. Mmarekani Leland Clark alikuwa anatafuta namna ya kujua damu ya mgonjwa ina oksijeni kiasi gani, na mwaka 1956 akatangaza kifaa chake: vipande vya madini vilivyofunikwa na utando mwembamba wa plastiki unaopitisha oksijeni. Utando ule ule uliotengenezwa kwa ajili ya damu ya binadamu ukatumbukizwa majini, na mwishowe kwenye majitaka. Siku hizi vipo vinavyotumia mwanga badala ya utando, na vinadumu zaidi. Wakati wa Uviko wengi wetu tulivikwa kidoleni kile kidude cha kupima oksijeni ya damu, tukaikodolea macho namba ile tukiomba Mungu isishuke. Basi kidude chetu mtamboni ni ndugu yake, na sisi nasi tunaikodolea macho namba vivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta leo.

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi, nilipelekwa kwenye mtambo mdogo wa kiwanda kimoja cha maziwa. Majitaka ya maziwa ni mazito kwa mahitaji ya oksijeni, mara kadhaa kuliko ya chooni. Siku ya kwanza nikafungua daftari la zamu. Kila baada ya saa mbili fundi wa zamu alikuwa ameandika: saa, joto, oksijeni. Safu ya oksijeni ilinifurahisha mno. 2.0. 2.0. 2.0. Ukurasa baada ya ukurasa, usiku na mchana, namba ile ile ya kwenye kitabu. Nikasema moyoni, hapa watu wanajua kazi.

Alikuwepo fundi mzee karibu astaafu, ambaye sote tulimwita Mzee. Nikampelekea lile daftari kama mtoto anayepeleka nyumbani ripoti nzuri ya shule. Akalitazama, akageuza kurasa mbili tatu, akanirudishia.

"Mwanangu, hii namba imelala."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Kitu kinachopumua hakina namba moja. Jipime mapigo ukiwa kitandani, kisha beba gunia upande ngazi ujipime tena. Ukikuta ni yale yale, ujue uliyempima si wewe."

Tukaenda tangini. Tukaivuta ile fimbo. Ilitoka imevaa tope gumu kama ukoko wa chini ya sufuria. Ikawa rahisi kudhani hilo ndilo kosa, lakini Mzee akaniambia nitazame kwenye kisanduku cha namba. Mtu fulani, wiki nyingi zilizopita, alikiweka kwenye hali ya kusubiri, kama inavyotakiwa unapotoa kihisi kukisafisha, ili namba isirukeruke na kuchanganya blowa. Hakukirudisha. Kisanduku kikashikilia namba ya mwisho kilichoiona, 2.0, na blowa nazo zikaamini kwamba mambo ni shwari, zikabaki kwenye mwendo mmoja. Mafundi wa zamu hawakusema uongo. Walikwenda, wakasoma, wakaandika walichokiona, kwa mwandiko mzuri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale daftari lilikuwepo, na mali ikapotea ndani yake.

Tukachukua kipimo cha mkononi tukakesha nacho. Asubuhi, wakati kiwanda kinaosha matangi na mabomba, oksijeni ilishuka hadi 0.3. Tangi zima lilikuwa linasongwa. Usiku, kiwanda kimelala, ikapanda kupita 6, blowa zinaunguruma kuwapulizia bakteria wasio na cha kula. Kwa wiki hizo zote mchana tuliwanyima na usiku tuliwamwagia, na tope la mtambo huo, lililokuwa linaumuka na kuvuka ukingo, ambalo kila mtu alisema limesababishwa na kiwanda, na sabuni, na mvua, lilikuwa linatusema sisi.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma hadi leo. Tuliomba tununuliwe kihisi kipya na vifaa vya kukitunza. Ombi likakaa mezani kwa wakubwa miezi. Katika miezi hiyo hiyo ikaletwa blowa mpya, kubwa, inang'aa, ikapokewa kwa picha. Sina ugomvi na blowa. Lakini tulikuwa na hewa ya kutosha tangu mwanzo. Tulichokosa ni kujua iende wakati gani. Nimekuja kuliona jambo hilo sehemu nyingi baadaye, kwenye mitambo ya viwanda, ya hoteli, ya hospitali. Mashine inayoonekana inapata bajeti. Fimbo inayozama kwenye tope haipati. Na kuitunza si kazi kubwa: itoe kila wiki, ifute kwa kitambaa laini, ishike hewani uone kama inasoma inavyopaswa kusoma hewani, badilisha kofia yake muda ukifika. Ikichafuka, mara nyingi itasoma chini ya ukweli, na blowa zitapuliza kupita kiasi kwa kudanganywa. Kwa bei ya umeme unaopotea usiku katika mtambo wa wastani, kihisi kinajilipa mapema kuliko mhasibu anavyodhani.

Msikilizaji wa Vingunguti, Mabibo au Kurasini ataniambia, sisi kwetu hakuna blowa, kuna mabwawa tu. Ni kweli, na wa Nairobi atataja yale ya Dandora kule Ruai, miongoni mwa makubwa barani Afrika. Nayaheshimu sana mabwawa haya. Mwaka 1992 Duncan Mara na wenzake walitoa mwongozo wa kuyasanifu kwa ajili ya Afrika Mashariki hasa, kwa sababu jua letu lina thamani. Bwawa la aina hii lina blowa, ila ni ya kijani. Mwani unakula mwanga wa jua na kutoa oksijeni, bakteria wanaivuta, wanatoa kaboni dioksidi ambayo mwani unaitumia tena. Hakuna bili. Saa tisa alasiri maji ya juu yanaweza kuwa na oksijeni kupita hata kiwango cha kushiba, vinachomoza viputo kama soda. Lakini jua likizama mwani wenyewe unageuka kuwa mvutaji, na kufikia alfajiri kinachobaki kinaweza kuwa karibu na sifuri. Ni alfajiri ile ile ya mfugaji wa sato.

Kwa hiyo ukisikia bwawa limepimwa, uliza lilipimwa saa ngapi. Mkaguzi anayefika saa saba mchana, jua kali, anapima bwawa lililo katika saa zake nzuri. Aje saa kumi na moja alfajiri.

Na kwenye bwawa huna kitufe cha kuongeza hewa. Unachoweza ni kutawala kinachoingia: magari ya kunyonya majitaka yasimwage yote kwa saa moja, tope la chini liondolewe kabla halijameza nusu ya kina, takataka zinazoelea na kuziba mwanga zitolewe. Bwawa lililoelemewa hutoa taarifa lenyewe. Kijani kinafifia, maji yanakuwa ya waridi au zambarau, maana wamestawi bakteria wanaoishi kwa salfa, na harufu ya yai bovu inafika majumbani. Ukiishi jirani na mabwawa na ukaona rangi hiyo, toa taarifa kwa mamlaka ya maji siku hiyo hiyo. Usisubiri harufu.

Mzee alishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Kile kiwanda bado kipo, na mtambo wake sasa una fundi binti ambaye nilipata bahati ya kumfundisha kidogo. Wiki iliyopita nilimpigia simu, nikamwomba anisomee daftari.

Akaanza. Saa kumi na moja alfajiri, 2.4. Saa mbili asubuhi, 1.9. Saa nne, 0.9. Saa sita mchana, 1.8.

"Nirudie ile ya saa nne," nikamwambia.

"0.9, mwalimu. Walikuwa wanaosha matangi ya maziwa. Nilishafungua blowa ya pili."